Kona Zimeachana, Polishi Imepauka: Kutafuta Chanzo cha Dosari kwenye Fremu za Mkono

Fremu ya picha ni vipande vinne vya mbao na kona nne, na kwa sababu hiyo wengi wanaoingia kwenye useremala huichukua kama kazi ya kuanzia. Halafu inawashinda. Meza ikiwa na kasoro ya milimita moja chini ya mguu, hakuna atakayeiona. Fremu inatundikwa usawa wa macho, mwanga wa dirisha unaipiga ubavuni, na mtu anasimama mbele yake makusudi ili aitazame.

Mwongozo huu ni wa anayejifunza kutengeneza fremu za mninga, mkongo, mtiki, mvule au msonobari, na kuzimaliza kwa mkono: msasa, polishi ya shelaki au mafuta, bila mashine ya kupulizia. Nimeupanga kwa dalili, yaani kile unachokiona, kisha tunarudi nyuma hadi chanzo. Nasisitiza hilo la kurudi nyuma kwa sababu dosari nyingi za fremu hujitokeza hatua mbili tatu baada ya pale zilipoanza. Doa jeupe lililoibuka kwenye polishi leo ni gundi ya juzi. Kona iliyofunguka Desemba ilikatwa vizuri tu mwezi wa Aprili, ila ilikatwa kwenye mbao mbichi. Ukishughulikia pale panapoonekana tu, utairudia kazi ileile mwezi ujao.

Kona ina mwanya

Usiguse chochote kabla ya kuangalia mambo matatu: mwanya uko upande wa ndani au wa nje wa kona, uko kwenye kona ngapi, na ulitokea siku ya kuunganisha au baadaye. Majibu hayo matatu yanakupa chanzo karibu kila mara.

Mwanya ukionekana siku hiyohiyo, tena kwenye kona zote na upande mmoja, tatizo ni pembe ya mkato. Ncha za nje zikigusana huku ndani kukiwa wazi, umekata pembe kali kuliko digrii 45. Ndani kukigusana na nje kukiwa wazi, umekata pembe butu. Usiamini alama iliyochongwa kwenye kisanduku cha kukatia kona, hasa kile cha plastiki au cha mbao kilichotumika muda mrefu: mfereji wake umekwisha kupanuka na msumeno unacheza humo. Kata vipande viwili vya takataka, viunganishe kwa mkono, uweke guni, au skwea kama wengi wanavyoiita, kwenye pembe ya ndani. Mwanga ukipita kati ya guni na mbao, rekebisha kisanduku kabla ya kukata mbao ya kazi.

Kona tatu zikiwa zimebana vizuri na ya nne ikakataa, hapo wengi huilaumu kona ya nne bure. Fremu ina mikato minane. Ukikosea nusu digrii kwenye kila mkato, makosa hujumlishana hadi digrii 4, na yote yanatokea pale unapofunga kona ya mwisho. Kwenye fremu yenye upana wa sentimita 5, digrii 4 ni mwanya wa karibu milimita 5 kwenye ncha. Ukiipunguza kona hiyo moja kwa randa, unaiharibu, kwa kuwa yenyewe haina kosa zaidi ya wenzake.

Chanzo cha pili cha dalili hiyohiyo ni urefu. Vipande vinavyokabiliana lazima vilingane kabisa. Vichukue viwili viwili, vibanane mgongo kwa mgongo, usimamishe ncha zake juu ya meza iliyonyooka, kisha pitisha kidole kwenye ncha za juu. Kidole huhisi tofauti ambayo tepu haionyeshi. Kama kuna ngazi, hata ndogo, tatizo ni urefu. Kama hakuna, rudi kwenye pembe. Dawa ya urefu ni kizuizi: kipande cha mbao kilichofungwa kwa klampu kwenye meza ya kukatia, ili kipande cha pili kikatwe kwa kukisukuma hadi pale pale cha kwanza kilipoishia. Acha kupima kila kipande kwa tepu na penseli, maana mstari wa penseli wenyewe una unene.

Sasa tuje kwenye mwanya unaotokea baadaye, ambao ndio unaorudisha wateja. Mbao husinyaa na kuvimba kwa upana, lakini kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kujali. Kona ya digrii 45 imekatwa mshazari, kwa hiyo upana ukipungua na urefu ukabaki, pembe yenyewe inabadilika. Mbao ya upana wa sentimita 5 ikisinyaa milimita 1 tu, kona inafunguka upande wa ndani karibu milimita 1.4. Kwa hiyo dalili ni hii: mwanya wa ndani uliokuja taratibu maana yake mbao ilikuwa na maji na sasa imekauka. Mwanya wa nje uliokuja taratibu maana yake mbao ilikuwa kavu na sasa imevimba. Huu wa pili hutokea kwa fremu iliyotengenezwa ndani ya karakana yenye kiyoyozi, au bara wakati wa kiangazi, kisha ikapelekwa Tanga au Mombasa.

Hewa ya pwani huiacha mbao na unyevu wa karibu asilimia 15. Ukiitengeneza fremu Dar es Salaam kwa ajili ya ofisi ya Dodoma yenye kiyoyozi, itakauka zaidi ikifika, na hilo ujue mapema. Tumia ubao mwembamba, kwa sababu ukipunguza upana nusu, mwanya nao unapungua nusu. Mninga unakusaidia hapa. Ni mbao tulivu sana, haisinyai wala kuvimba kwa pupa, na ndiyo ningemshauri anayeanza aitumie ingawa bei yake inauma. Msonobari uliouziwa wiki iliyopita, ukiwa bado mzito na wa baridi ukiushika, usiutumie kabisa.

Huna kipimo cha unyevu? Tumia mzani wa jikoni. Kata vipande virefu kuliko unavyohitaji, vipange ndani ya karakana na vijiti kati yake ili hewa ipite, upime kimoja kila baada ya siku chache na kuandika uzito juu yake kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili, mbao imezoea hewa ya hapo. Ukikata kabla, unabahatisha.

Na lile zoea la kujaza mwanya kwa vumbi la msumeno na gundi? Mimi silikubali kwenye kona ya fremu. Vumbi lenye gundi halinywi polishi kama mbao, kwa hiyo linabaki mstari uliopauka au mweusi, na mbao ikivimba tena linasukuma kona ipasuke kwa nje. Ikiwa kona imeachana, iachanishe kabisa, isafishe, uikate upya. Utapoteza milimita chache za ukubwa, ndiyo sababu ni busara kuacha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya picha na ukingo wa ribeti, ule mfereji wa nyuma unaoshika kioo.

Kona haina mwanya lakini imevunjika ulipoinua fremu

Gundi imekosekana kwenye kiungo, hata kama uliipaka nyingi. Ncha ya mbao iliyokatwa ni vinywa vya mirija. Gundi nyeupe inanyonywa ndani kabla haijashika, na kiungo kinabaki kikavu. Angalia pale palipovunjika: kama mbao inaonekana safi, bila utando wa gundi wala nyuzi zilizong'oka, hicho ndicho chanzo. Paka kwanza gundi iliyochanganywa na maji kidogo kwenye kila ncha, subiri dakika kadhaa mpaka ipoteze mng'ao, ndipo upake gundi nzito na kubana. Acha klampu hadi kesho yake.

Mtiki una kosa lake la ziada, mafuta. Futa ncha zake kwa kitambaa chenye tina muda mfupi kabla ya gundi. Na kwa fremu yoyote inayobeba kioo kikubwa, gundi peke yake haitoshi. Baada ya kukauka, kata mfereji mwembamba kwa msumeno ukipita kwenye ncha ya nje ya kona, ingiza kibanzi cha mbao ngumu chenye gundi, kisha kisawazishe kwa patasi. Ukichagua kibanzi cha rangi tofauti kinakuwa pambo, na kona haiachii tena.

Fremu inayumba juu ya meza

Iweke juu ya kioo kilicholala sawa. Pembe moja ikinyanyuka, ama ubao mmoja ulikuwa umejipinda tangu mwanzo, ama uliibana juu ya meza isiyo sawa na gundi ikakauka hivyo. Ubao uliojipinda haunyooki kwa kubanwa. Utaishi na msokoto huo, na siku moja utapasua kioo. Chungulia kila ubao kutoka ncha hadi ncha kabla ya kuukata. Ukishabana, pima mishazari yote miwili. Ikilingana, kona zote ni za digrii 90. Isipolingana, sukuma pembe zilizo mbali kabla gundi haijashika.

Mikwaruzo imejitokeza baada ya polishi ya kwanza

Haikuja na polishi. Ilikuwepo, na polishi imeionyesha. Umeruka namba za msasa, au umesugua kukatiza uzi wa mbao, yaani mwelekeo wa nyuzi zake. Anza na 120 kuondoa alama za randa, kisha 180, kisha 240, na kila namba ifute kabisa alama za iliyotangulia. Shika taa pembeni, karibu na uso wa mbao, mwanga ulale juu yake. Mikwaruzo yote itajionyesha kabla hujachelewa.

Kwenye kona kuna shida ya pekee, kwa sababu uzi wa ubao mmoja unagonga uzi wa mwingine. Msasa ukivuka mstari wa kona sentimita moja tu, unaacha mikwaruzo ya kukatiza upande wa pili. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari wa kona, sugua ubao mmoja hadi kwenye tepu, ihamishe, usugue wa pili. Mwisho pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, nyuzi zitasimama; zikate kwa pigo mbili tatu nyepesi za 240 iliyochakaa. Hatua hii ikirukwa, polishi ya kwanza ndiyo itakayozisimamisha, na fremu itakwaruza mkononi.

Vaa barakoa wakati wote huu. Vumbi la mninga na la mvule huchokoza pua na kifua, na wapo mafundi wanaolazimika kuachana na mbao hizo kabisa kwa ajili hiyo. Mvule pia huficha mawe madogo ya chokaa ndani yake, kwa hiyo randa ikipoteza makali ghafla usilaumu kinoo chako.

Madoa yaliyopauka karibu na kona

Ni gundi iliyofurika ulipobana, ukaifuta kwa kidole. Imeziba vinyweleo, polishi haiingii. Kabla ya polishi yoyote, lowesha fremu nzima kwa spiriti na kuitazama ingali mbichi: mbao inaiva rangi, palipo na gundi panabaki pakavu na peupe. Parua kwa ncha ya patasi kali, kisha msasa. Safari nyingine acha gundi iliyofurika igande kama mpira, karibu nusu saa, uinyanyue kwa patasi badala ya kuisambaza kwa maji.

Kama madoa hayako karibu na kona bali yametapakaa kama mawingu, na mbao ni msonobari ulioupaka rangi, hiyo ni tabia ya mbao yenyewe kunywa kwa viwango tofauti. Tanguliza mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa shelaki nyepesi sana, ndipo upake rangi.

Polishi imepauka na kuwa na ukungu mweupe

Hii ndiyo dalili inayosumbua zaidi pwani, hasa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Shelaki ni utomvu wa mdudu wa India na nchi jirani zake, huyeyushwa kwenye spiriti. Spiriti inapoyeyuka haraka hupoza uso wa mbao, na hewa yenye unyevu ikigusa ubaridi huo huacha maji ndani ya polishi kabla haijakauka. Hayo maji ndiyo weupe unaouona. Vanishi za kupuliza nazo hupata ugonjwa huo.

Kuna chanzo cha pili kinachofanana nacho: spiriti yenyewe ina maji, ama kwa kuwa imeongezwa maji dukani, ama kwa kuwa chupa ilikaa wazi, na spiriti huvuta maji kutoka hewani. Utavitofautishaje? Paka polishi ileile kwenye kipande kidogo siku ya jua kali. Ikitoka safi, kosa ni hewa. Ikipauka tena, kosa ni chupa.

Kwa kosa la hewa, fanya polishi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mbali na mlango unaoingiza upepo wa mvua, na punguza kiasi cha kila mkono. Ukungu uliokwisha kuingia mara nyingi hutoka: kitambaa kikiwa na spiriti safi kidogo sana, kiasi cha kuhisi ubaridi tu ukikigusisha shavuni, kipitishe haraka juu ya uso siku kavu. Kinailainisha polishi kwa sekunde chache na maji yanatoka. Ukibonyeza au ukisimama, utaing'oa polishi yote.

Polishi haikauki, inanata

Shelaki iliyoyeyushwa ina umri. Baada ya miezi kadhaa, na kwa kasi zaidi kwenye joto, haigandi tena hata usubiri wiki. Kabla ya kila kazi dondosha tone juu ya kipande cha kioo, kesho yake likwaruze kwa ukucha. Likichimbika kama nta laini, mwaga. Yeyusha kidogo kidogo, gramu 120 hadi 240 za magamba kwa lita moja ya spiriti, uandike tarehe kwenye chupa.

Kama ulitumia mafuta ya kitani, kunata kunatokana na kuyaacha juu. Paka, subiri kama robo saa, kisha futa yote yasiyoingia, hadi mbao ionekane kama haina kitu. Kisha tafadhali soma hili mara mbili: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka moto. Kianike kikiwa kimetandazwa nje, juu ya saruji, mpaka kiwe kikavu kigumu, au kizamishe kwenye ndoo ya maji.

Alama za mduara au uso uliochanika zinatokana na mkono. Bunda la kitambaa unalopakia lina polishi nyingi mno, au ulisimama katikati ya njia. Likamue, dondosha tone moja la mafuta chini yake, na liingie likiwa linatembea na kutoka likiwa linatembea. Kwenye michongo membamba bunda halifiki. Hapo tumia brashi laini, mikono myepesi mingi.

Fremu ni nzuri, kilichomo kinaharibika

Picha ya harusi imeganda kwenye kioo: uso wa picha umelainishwa na unyevu, na hakukuwa na nafasi kati yao. Usiivute. Kwa inayofuata, weka paspatuu, yaani kadi iliyokatwa dirisha inayozunguka picha, au vijiti vyembamba vilivyofichwa chini ya ukingo wa ribeti, picha isiguse kioo.

Cheti au aya iliyoandikwa kwa mkono inapata mpaka wa kahawia kuanzia kingoni: kadibodi ya boksi iliyowekwa nyuma inatoa asidi. Tumia kadi isiyo na asidi, na kama hupati, weka angalau karatasi nzuri ya pamba katikati, ukijua kwamba unachelewesha tu.

Michoro ya tingatinga inahitaji uangalifu wake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na warithi wake wengi bado hutumia rangi hizo ingawa sasa ni juu ya turubai. Rangi hiyo hukauka juu upesi, lakini ndani hubaki laini kwa wiki nyingi. Ukiufunga mchoro mpya kwenye fremu iliyobana, ukingo wake unashikana na mbao. Usiuwekee kioo, acha nafasi pande zote, na fremu iwe imekauka kabisa kabla mchoro haujaingia, maana mvuke wa tina unailainisha rangi.

Unga mwembamba chini ya fremu

Ni bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Wanakula wanga uliomo kwenye ubao mweupe wa nje wa mti, na moyo mwekundu wa mninga huwa wanauacha. Najua ule mstari mweupe kando ya mwekundu unapendeza, lakini ukate. Fremu iliyokwisha kuingiliwa, toa picha na kioo, ifunge kwenye plastiki bila kuacha hewa, uiweke ndani ya friza wiki mbili, kisha iache ndani ya plastiki hadi irudi kwenye joto la kawaida ndipo uifungue.

Ukungu nyuma ya fremu

Kuta za mawe ya matumbawe, kama zile za nyumba kongwe za Zanzibar na Lamu, hunyonya maji, na fremu iliyobanwa ukutani inayafungia. Gundisha vipande vya kizibo vya unene wa milimita 4 au 5 kwenye pembe za chini za nyuma, hewa ipite. Ziba mgongo wa fremu kwa karatasi na tepu, usiuache wazi. Ukungu ukirudi hata baada ya hapo, hamishia picha ukuta wa ndani usiopigwa na mvua, na umwite fundi wa nyumba aangalie maji yanapoingilia.